Sahihi ya Mkono wa Kushoto

Mfumo ule haukuwa hata na adabu ya kujifanya unafikiri. Meneja, kama alivyoitwa binti huyu tangu utotoni, aliandika mbili nukta nane kwenye kisanduku kilichouliza wastani wake wa alama za chuo, akabonyeza, na kabla hajanyanyua kidole kompyuta ikawa imeshamjibu: "Asante kwa kupendezwa na benki yetu. Kwa sasa hatutaendelea na maombi yako." Kwa sasa! Kama vile mle ndani kuna mtu mzima aliyevaa miwani, kasoma jina lake, kaguna, katikisa kichwa kwa masikitiko. Hakuna mtu. Kuna kizingiti cha tatu nukta mbili, na aliyekiweka alikiweka zamani, akaenda zake kunywa chai.

Haikuwa benki ya kwanza kumfanyia hivyo, wala ya pili. Alikwisha kuzoea mpaka akawa anafumba macho kabla ya kubonyeza, kama mtu anayeinamisha kichwa akiliona kofi linakuja.

Bweni lilikuwa kimya. Wenzake wa mwaka wa tatu walikuwa wametawanyika kwenye mafunzo ya kazi, kila mmoja na tai au viatu vya kuazima. Kitanda cha pili mle chumbani kilibaki vyuma vitupu. Mwenzake alikuwa amelikunja godoro, akalifunga kamba na kulisimamisha kwenye kona, na kila Meneja alipoingia ghafla alidhani kuna mtu kasimama pale anamngoja. Mwenzake huyo alipata nafasi kwenye kampuni ya bima kabla tangazo halijabandikwa. "Mjomba kanisemea tu," alisema siku anaondoka, huku anapaka rangi kucha. "Na wewe si utafute wa kukusemea?" Alisema kwa upole kabisa, wala hakuwa na nia mbaya. Walioshiba hawana nia mbaya. Wanashangaa tu kwa nini wengine hawali.

Wa kumsemea! Aliyekuwa naye duniani ni baba yake, fundi cherehani, na baba tangu apigwe na kiharusi ulimi ulikuwa unamgomea hata kujisemea mwenyewe.

Jina la Meneja alilipata dukani kwa huyo baba. Alipokuwa mdogo, mama yake akiwa ameshatangulia mbele ya haki, alikuwa akishinda dukani chini ya meza ya kukatia nguo, na ufunguo wa droo ya fedha ulining'inia shingoni mwake kwa uzi mwekundu. Mtu akitaka chenji sharti aeleze ya nini. Hata baba mwenyewe alihojiwa. "Loo," wateja walisema, "fundi, umeajiri meneja!" Basi likamganda. Na alipochaguliwa chuo kusomea fedha na benki, mzee alizunguka barabara nzima na futi yake shingoni, anawaambia wauza vifungo na wapiga pasi: si niliwaambia? Si niliwaambia?

Tangu hapo wakawa na mchezo wao wa kwenye simu. Kila jioni.

"Meneja, nina shida ya mkopo."

"Dhamana?"

"Cherehani."

"Ya mwaka gani?"

"Ya mwaka aliozaliwa bibi yako."

"Umekataliwa, mzee. Mteja anayefuata!"

Na mzee hucheka mpaka akohoe, kama kwamba hajawahi kukataliwa hivyo maishani. Alikwisha kukataliwa, tena na benki ya kweli, tena mara nyingi, na Meneja alikuwepo, mkono wake ndani ya mkono wa baba, anatazama viatu vya afisa mikopo. Vilikuwa vya kahawia, na kimoja kilikuwa na doa la wino. Watoto wa mafundi hawasahau viatu vya watu.

Sasa, alama zenyewe ziliharibika muhula wa nne. Baba alianguka juu ya cherehani, kitambaa cha sare ya shule kikiwa bado chini ya sindano. Shangazi, dada yake, wakati huo alikuwa kwa mumewe, mbali. Alihamia kwa kaka yake baadaye, alipoachika. Kwa hiyo wodini alikuwa Meneja peke yake. Alilala kwenye kiti cha plastiki. Alimgeuza mzee, alimlisha uji kwa kijiko, alijifunza kuelewa maneno yaliyotoka upande mmoja wa mdomo. Siku za mitihani alitoka wodini moja kwa moja hadi ukumbini, nguo zikinuka dawa, akaketi mbele ya karatasi na kuiona kama imeandikwa kwa lugha ya nchi nyingine. Hakufeli. Alipita kwa kukwaruza, somo baada ya somo, na mikwaruzo ile ikajumlishwa ikavuta chini kila alichokuwa amekijenga.

Baba alipopata nafuu aliuliza, "Matokeo?"

"Yametoka."

"Umepita?"

"Nimepita, baba."

Mzee akaridhika, akaenda kuwaambia wauza vifungo kwamba binti yake kawa wa kwanza. Hakuna aliyemwambia wa kwanza. Aliliweka neno mwenyewe, kama anavyoongeza pindo kwenye suruali ya mtoto anayekua. Na Meneja akaliacha. Ungemwambiaje mtu anayejifunza upya kushika kikombe kwamba kuanguka kwake kumevunja na kingine?

*

Alipochoka na mashine, alikwenda kwa mshauri wa ajira wa chuo. Ofisi yake ilikuwa mwisho wa ukumbi, nyuma ya stoo ya viti vibovu. Mshauri alikuwa mwanamke wa makamo, sauti ya mtu aliyerudia jambo moja kwa miaka mingi. Alisoma alama muhula kwa muhula, kalamu ikishuka.

"Wa kwanza safi. Wa pili safi. Wa tatu, hata mimi nisingepata hizi. Halafu hapa. Ulipatwa na nini hapa?"

Meneja akamweleza. Ilikuwa mara ya kwanza kumweleza mtu, na sauti ilimtoka kavu, kama anasoma bei za vitu.

Mshauri akaweka kalamu chini. "Sasa mbona hukuahirisha?"

"Kuahirisha nini?"

"Mitihani, mwanangu. Ukiugua au ukiuguliwa na mzazi, unakwenda kwa msajili, unaandika, mitihani unaifanya baadaye. Wenzako wanaahirisha hata kwa harusi za dada zao."

Meneja alimtazama.

"Hakuna aliyeniambia."

"Imo kwenye kitabu cha kanuni."

"Kitabu gani?"

Mshauri akaokota tena kalamu yake. Alikijua kitabu kile: kilikuwa kabatini kwa msajili, chini ya kufuli, na nakala walizokuwa nazo watu ni zile zilizopitishwa kutoka kwa kaka kwenda kwa mdogo wake, kutoka kwa mama msomi kwenda kwa bintiye. Ndivyo milango mingi ilivyo. Iko wazi, ila imepakwa rangi ya ukuta, na anayejua ilipo ni yule aliyebebwa mgongoni na mtu aliyepita. Nyumbani kwa Meneja ilijulikana kanuni moja tu: mtu haombi kupunguziwa, mtu anavumilia. Alivumilia. Kwa uvumilivu wake akapewa mbili nukta nane.

"Haya," mshauri akasema, na sauti ikawa imebadilika kidogo. "Yaliyopita si ndwele. Nisikilize. Kwanza, acha kugombana na mashine, haina masikio. Waandikie watu, wakuu wa vitengo, mmoja mmoja, na uwaonyeshe kazi uliyoifanya. Pili, andika alama za masomo ya fani peke yake, kando ya wastani wa jumla, na vyote viwili viwe pale. Usifiche. Ukificha watachimba. Tatu, wakikuuliza, sababu moja, sentensi moja, basi. Usilie. Wakikuona unalia wanakupa leso, kazi wanampa mwingine."

Wiki ile Meneja alifanya mazoezi ya ile sentensi mbele ya godoro lililosimama kwenye kona. "Muhula ule baba yangu alipigwa na kiharusi nikamuuguza peke yangu, muhula uliofuata nikarudi juu, na sijashuka tena." Aliliambia asubuhi, aliliambia akitoka kuoga. Mara nyingine alilizungumzisha hata mambo mengine, ya mvua, ya jikoni kukosa maji. Godoro lilimsikiliza kuliko maofisa wengi. Siku moja alijikuta akiliambia "kwaheri" wakati anatoka, akasimama mlangoni, akaona haya, halafu akacheka peke yake.

Barua pepe alizituma. Nyingi zilitumbukia kisimani. Moja ilijibiwa.

*

Aliyejibu ni mkuu wa kitengo cha uchambuzi wa mikopo katika benki moja kubwa, jengo la vioo vitupu. Wenye benki hupenda vioo. Unayezuiwa nje shuruti uone unachonyimwa.

Chumba cha usaili kilikuwa na baridi ya kiyoyozi na meza ndefu kuliko ilivyohitajika. Walikuwa wawili tu: mkuu wa kitengo, mwanamke mfupi mwenye mvi za mapema, na afisa wa rasilimali watu, kijana nadhifu aliyekuwa akibofya kalamu. Mkuu alimsukumia hesabu za kampuni ya samani. "Waombaji wa mkopo. Soma, uniambie unaona nini."

Meneja akasoma. Faida ilikuwa inapanda kila mwaka, inapendeza kwelikweli. Akafungua kurasa za nyuma, zile ambazo watu huziruka.

"Anauza sana," akasema, "ila halipwi. Faida yote imo mifukoni mwa wateja wake. Ukimpa mkopo huu, atalipia mishahara, na mwakani atarudi kuomba mwingine."

Mkuu akainua kichwa. "Umefikaje huko upesi hivyo?"

"Nimekulia kwenye duka la kushona. Suti zikitoka bila kulipiwa, duka linaonekana lina kazi kuliko yote barabarani."

Mkuu akacheka, kicheko cha kweli, na kwa muda mfupi baridi ya kile chumba ikapungua. Afisa wa rasilimali watu hakucheka. Alikuwa na ile karatasi ya alama.

"Muhula wa nne hapa umeporomoka. Ulikuwa wapi?"

Meneja akaitoa sentensi yake, moja, kamili, kama alivyoifanyia mazoezi. Haikutetereka.

Kijana akabofya kalamu. "Dada, siku hizi kila mwombaji ana baba mgonjwa."

Mkuu wa kitengo akageuka. "Hilo neno, jamani."

"Sisemi anadanganya, mama. Nasema taratibu. Yuko chini ya kizingiti. Nikimpitisha bila ushahidi, ukaguzi utaniuliza mimi, si wewe. Alete barua ya hospitali. Kufikia Ijumaa."

"Utaipata?" mkuu akamuuliza Meneja.

"Nitaipata," alisema. Hakujua bado anaahidi nini.

Alilijua hospitalini. Karani wa kumbukumbu za wagonjwa alitoa fomu, akauliza maswali, akajaza kwa hati nzuri ya shule ya zamani. Kwenye mstari wa sababu ya kuomba taarifa akaandika: *Kuthibitisha kwamba ugonjwa wa mhusika ulisababisha kushuka kwa matokeo ya mwanafunzi.*

"Huwezi kuandika matumizi binafsi tu?"

"Hii inakwenda benki, wanataka sababu yenyewe. Nikiandika vingine wataturudishia." Akaigeuza fomu. "Hapa asaini mgonjwa."

"Mimi ni mwanawe."

"Mgonjwa yu hai?"

"Yu hai."

"Akili zake timamu?"

"Timamu kabisa."

"Basi asaini mwenyewe. Siri ya ugonjwa ni mali yake."

Meneja akaketi kwenye benchi ukumbini, fomu mapajani. Kwa mwaka mzima na zaidi alikuwa amesimama katikati ya nyumba mbili na kuzifungia zote milango: nyumbani hawakujua alama, chuoni hawakujua ugonjwa. Upweke wake wote alikuwa ameujenga kwa mikono yake, tofali juu ya tofali, ili mzee asipigwe na upepo. Na sasa huyu kijana wa kalamu alitaka ukuta ubomolewe, na aubomoe yeye, mbele ya mzee, kwa maandishi.

Alitoa kalamu. Baba tangu augue alikuwa hajasaini kitu. Mkono wa kulia ulikuwa umelegea, na sahihi ya mkono wa kushoto hakuna mtu aliyeijua ilivyo. Mkwaruzo wowote ungepita. Nani angegundua? Ncha ya kalamu iligusa karatasi. Kisha akamkumbuka yule kijana: siku hizi kila mwombaji ana baba mgonjwa. Akijiandikia mwenyewe, yule atakuwa amesema kweli. Atakuwa amegeuza kiti cha plastiki, na uji, na zile asubuhi zote, kuwa hadithi ya waombaji. Meneja akarudisha kalamu mfukoni na kwenda kituoni kutafuta basi la nyumbani.

*

Duka lilikuwa lilelile, ila kazi za suti zilikuwa zimekwisha, ukuta umebaki na misumari. Siku hizi mzee alipiga pindo na kubadilisha zipu. Shangazi alimkatia na kumwekea nguo chini ya sindano, naye akazungusha gurudumu kwa mkono wa kushoto, taratibu, ulimi umetokeza kidogo pembeni ya mdomo.

"Meneja!" Uso ulimng'aa upande mmoja. "Leo benki zimefungwa? Au umekuja kunifilisi?"

"Shikamoo, baba. Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Hebu shangazi, msogezee kiti mkaguzi huyu kabla hajaikamata cherehani."

Alikaa. Alikunywa maji. Wauza vifungo walipita na kumsalimu, "Huyo ndiye wa kwanza wetu!" na alitabasamu mpaka mashavu yakauma. Fomu ilikuwa kwenye mkoba, na mkoba ulikuwa mapajani kama mtoto wa watu.

"Baba, kuna karatasi nataka unisainie. Ya nafasi ya mafunzo, kule benki."

"Hata kikombe hakijakauka, karatasi," shangazi akaguna.

"Mwache. Meneja akija bila karatasi si Meneja." Mzee akajifuta mkono. "Nisomee. Macho haya siku hizi yananionyesha uzi mweusi tu, mweupe mpaka niutafute."

Angeweza kuruka mstari mmoja. Ni mmoja tu. Mzee alikuwa amefumba macho, kichwa kimeinama upande, anasubiri kusikiliza kama watu wanavyosubiri kusomewa barua ya mtoto aliye mbali. Na Meneja alifikiri kwamba akiuruka, mzee atakuwa amesaini asichokijua, kama watu wanavyosaini mbele ya maofisa wenye viatu vya kahawia. Si kwa mkono wangu, akasema moyoni. Akasoma yote. Jina, wodi, tarehe, ugonjwa. Akafika kwenye sababu. Akausoma mstari ule kwa sauti ileile, mpaka mwisho.

Cherehani ya jirani ilisikika ikikimbia, ikasimama.

"Kushuka," baba akasema, macho bado yamefumbwa. "Kushuka kutoka wapi mpaka wapi?"

Akamwambia. Alimweleza na kizingiti, na mashine inayojibu kabla ya kuulizwa, na ile kanuni ya kuahirisha iliyokuwa kabatini.

"Na wa kwanza?"

"Sikuwahi kusema wa kwanza, baba."

"Nilisema mimi."

"Ulisema wewe."

"Na ulikuwa unanisikia nikisema. Barabara nzima."

"Nilikuwa nakusikia."

Mzee akafumbua macho, akatazama mkono wake wa kulia uliolala mezani kama kitu alichosahau mteja. "Kumbe nilipoanguka," akasema polepole, kila neno akilitafutia njia, "sikuanguka peke yangu."

"Wewe mtoto!" Shangazi akatupa mkasi. "Neno hilo lingekaa tumboni mwako lingekuozea? Mtu ndio kwanza anajifunza kusimama!"

"Limekaa mwaka mzima, shangazi. Ningelificha, nafasi ingepita."

"Ipite! Nafasi ni baba?"

"Mwache, nimesema." Sauti ya mzee haikupanda. "Mpe mtu karatasi yake."

Akachukua chaki ya kuchorea nguo kwa mkono wa kushoto na kipande cha kitambaa cheusi kilichobaki kwenye suruali ya mtu. Akajaribu sahihi. Ikatoka kama njia ya konokono. Akaifuta kwa kiganja, akajaribu tena. Alipokuwa mzima alikuwa na sahihi ya madaha, yenye mkia unaorudi chini ya jina kama mshono wa mwisho. Sasa aliutafuta ule mkia, chaki ikivunjika, vumbi jeupe likimjaa mapajani, na hakuna aliyethubutu kumwambia inatosha. Mwishowe akaomba kalamu. Akasaini kwenye fomu, bila mkia.

"Watakubali hii?"

"Watakubali, baba."

Kila Meneja alipokuwa akirudi chuo, mzee alimsindikiza mpaka kona na kumpigia kelele za mkopo watu wote wakisikia. Safari hii alisimama mlangoni mwa duka, akishika fremu.

"Samahani, mama," akasema.

Hakuwahi kumwita hivyo. Lilikuwa neno zuri, neno la heshima, na lilimchoma Meneja kuliko yote yaliyosemwa mle dukani, maana ndivyo mzee alivyokuwa akiwaita wateja ambao nguo zao amezichelewesha.

*

Barua ilifika benki siku moja kabla ya Ijumaa. Majibu yakachukua muda wake. Katika kusubiri Meneja alinunua kalamu nene akaandika kwenye karatasi kubwa: *Ukiugua au ukiuguliwa na mzazi, unaweza kuahirisha mitihani. Nenda kwa msajili. Ni haki yako, si hisani.* Akaibandika mlangoni mwa jiko la chuo, palipo na foleni. Mlinzi akaibandua, haina muhuri. Akaandika nyingine. Mlinzi akaibandua. Ya tatu mlinzi aliisoma kwanza, midomo ikitembea, kisha akauliza, "Hata wa mwaka wa kwanza?" "Hata wa mwaka wa kwanza." Aliondoka bila kuigusa. Alikuwa na binti.

Mkuu wa kitengo alimpigia simu mwenyewe. Nafasi ni yake. Meneja alishukuru, akakata simu, akageuka kumwambia mtu. Kulikuwa na godoro.

Alimwambia baba kwa simu siku hiyohiyo. "Mungu mkubwa," mzee alisema. "Hongera sana. Sitakuweka, najua una mambo." Ndivyo alivyokuwa siku hizo. Alipiga mara mojamoja badala ya kila jioni, na akipiga alianza kwa kuuliza kama anasumbua. Hakuomba mkopo. Aliongea na bintiye kama mtu mwenye deni anayeogopa kutajiwa, na wauza vifungo, shangazi alisema, hakuwaambia kitu tena.

Siku ya kuanza, walioajiriwa kwa mafunzo waliketi kwenye ukumbi wa vioo wakajitambulisha. Pembeni yake kulikuwa na kijana mcheshi, saa nzito mkononi, aliyemnong'oneza, "Walikusumbua na haya mambo ya wastani? Mimi wangu hata siukumbuki vizuri, ni mbili na kitu. Waliniambia tu nije Jumatatu."

"Nani walikuambia?"

"Si mzee yumo kwenye bodi." Akasema kama anavyosema mtu kwamba nje kuna jua.

Na yule afisa wa rasilimali watu, mwenye kalamu, alipomfikia huyo kijana alimpa mkono kwa mikono yote miwili. "Mzee hajambo? Nifikishie shikamoo yangu." Alipomfikia Meneja alimpa kitambulisho. Meneja alitazama viatu vyake. Vyeusi, vya kung'aa, kamba moja ndefu kuliko nyingine. Akaviweka pale alipoviweka vile vya kahawia.

Mchana wenzake walishuka kwenda kula kwa makundi. Makundi yalikuwa yameshajiunda, sijui saa ngapi, kama maziwa yanavyoganda ukigeuza kisogo. Meneja alibaki kwenye ngazi za dharura, juu ya kipande cha sakafu chenye dirisha. Chini watu walionekana vichwa tu. Akapiga simu.

"Halo?" Kelele za gurudumu, kisha kimya, mzee kasimamisha kazi. "Ndiyo, mama. Kuna tatizo?"

"Hakuna tatizo, baba. Nimeanza leo."

"Alhamdulillahi. Haya, usije ukaonekana unaongea na simu siku ya kwanza."

"Baba, ngoja." Alibonyeza paji la uso kwenye kioo cha dirisha. Kilikuwa cha baridi. "Hapa mezani kwangu kuna mteja. Anaomba mkopo. Ameweka dhamana cherehani, na mimi ni mgeni, sijui nimjibu nini."

Alisikia pumzi tu, zile za upande mmoja, na mbali zaidi shangazi akiuliza ni nani huyo. Alisubiri. Alidhani laini imekatika, akaitoa simu sikioni akaitazama, haijakatika, akairudisha.

"Cherehani ya mwaka gani?" mzee akauliza.

"Ya mwaka aliozaliwa bibi yangu."

Kikohozi. Au mwanzo wa kicheko ambao haukupata pa kushika.

"Mkatalie," baba akasema. "Mkatalie huyo, Meneja. Atakufilisi." Kisha, upesi, kama aliyejikuta amekaa kwenye kiti kisicho chake: "Haya, nisikucheleweshe, mama. Rudi kazini."

Simu ikakatwa. Meneja alibaki pale kwenye ngazi na yale majina mawili aliyoitwa, moja la zamani na moja jipya, mpaka chini vichwa vilipoanza kurudi ndani kwa makundi.